Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara za vijijini: mvua haina kadi ya chama

Waheshimiwa,

Yah: KUOMBA GREDA LIPUMZIKE NA KALAVATI LIZIBULIWE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu kutoka mwisho wa barabara, pale ambapo ramani huonyesha mstari na macho huona mfereji. Tunajua msimu wa kampeni umewadia. Mbayuwayu wamerudi, na greda nalo limeonekana. Wageni hawa wawili wanafanana kwa mengi, ila mbayuwayu huja kila mwaka.

Hatuandiki kuomba barabara. Barabara tunayo, na imezinduliwa zaidi ya mara moja. Tunaandika kuomba isichongwe tena wakati wa kiangazi, kwa sababu kila ikichongwa inazama, na kuomba kalavati, lile bomba linalopitisha maji chini ya barabara, lizibuliwe.

Greda likipita juu ya udongo mkavu hufanya kazi moja tu, kukwangua. Kisu chake hukata ile ngozi ya juu iliyokwisha kukazwa na magurudumu na mvua, na kuigeuza vumbi na kokoto. Siku tatu za kwanza barabara hulala laini kama mkeka, picha hupigwa, hotuba husomwa. Kisha upepo huchukua vumbi, na vumbi hilo ndilo lililokuwa gundi. Kokoto zinabaki zinabingirika. Gari likija kwa kasi, gurudumu linaruka kidogo, linatua, linachimba, linaruka tena. Baada ya wiki chache barabara nzima ina mawimbi yale yanayogonganisha meno na kulegeza boliti za baiskeli. Greda likirudi kusawazisha mawimbi kwa kukata vichwa tu na kujaza mabonde kwa udongo mlegevu, yatarudi palepale. Sharti likate hadi chini ya bonde la wimbi, udongo ulowanishwe, usambazwe upya, ushindiliwe. Bila boza la maji na rola nyuma yake, greda ni fagio la bei kubwa.

Hilo la mawimbi ni dogo. Kubwa ni tuta. Udongo uliokwanguliwa husukumwa pembeni na kuachwa pale, mstari mrefu kila upande, kama kitanda cha viazi. Dereva ameambiwa amalize kilomita kadhaa kabla ya mgeni rasmi kufika, hana muda wa kuurudisha katikati. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yanataka kwenda mtaroni, yanakuta tuta limeyaziba. Yanageuka na kufuata barabara. Yakishapata njia hayaombi kibali. Kila mkwanguo unaondoa sentimita kadhaa, kila masika yanaondoa nyingine, na baada ya chaguzi kadhaa barabara iko chini kuliko mashamba. Ng'ombe anayekula mpakani anaona paa la gari usawa wa pua yake. Hapo hata mtaro hauchimbiki tena, maana ungechimba kwenda wapi, na barabara yenyewe ndiyo mahali pa chini kuliko pote?

Elimu hii si mpya. John Loudon McAdam, Mskoti aliyefariki mwaka 1836, alisisitiza kwamba mzigo wa gari hubebwa na ardhi ya asili iliyo chini, na ardhi hiyo itaubeba ilimradi ibaki kavu. Kwa hiyo inua barabara juu ya maji, ifunike kwa mawe madogo yaliyoshikana, na maji uyaonyeshe pa kwenda. Lami ilikuja baadaye kabisa.

Kwa barabara ya udongo, kuinua maana yake ni mgongo. Katikati pawe juu, kingo ziwe chini. Barabara ya upana wa mita 5 ina mita 2.5 kutoka katikati hadi ukingoni, na katika umbali huo inatakiwa ishuke sentimita 12 hadi 15 baada ya kushindiliwa. Ikishuka sentimita 7 tu, maji hayatoki haraka, yanakaa kwenye nyayo za magurudumu, na shimo huzaliwa. Ikishuka sentimita 25, madereva wote watang'ang'ania katikati kwa kuogopa kuteleza, nayo katikati itakuwa mtaro. Nambari hizi hazihitaji digrii. Zinahitaji kamba na rula, na mtu asiyeona aibu kuinama mbele ya watu.

Kuna mkaguzi mwingine ambaye hajawahi kudai posho, naye ni chura. Kiluwiluwi huhitaji wiki kadhaa ndani ya maji kabla ya kuota miguu. Ukiona viluwiluwi wenye miguu ya nyuma katikati ya barabara, jua dimbwi hilo lina umri wao, na muda wote huo maji yamekuwa yakishuka chini na kulainisha ardhi inayobeba gari. Shimo la hivyo halina kina linachokionyesha. Lina ziada chini yake. Vilevile ndago zikistawi mtaroni, mtaro huo hausafirishi maji, unayafuga. Wataalamu wanapokuja na vitabu vyao vya kujaza, waulizwe kwanza kama wamesoma hiyo ripoti iliyoota pembeni.

Sasa kuhusu kifusi, yaani changarawe ya kumwaga barabarani, maana hapa ndipo hesabu huwa inapata mafua.

Tabaka la changarawe linalofaa ni sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kilomita 1 yenye upana wa mita 5 inataka mita za ujazo 750 zilizokazwa. Lakini kifusi ndani ya gari ni kilegevu. Kikishindiliwa hupungua, kwa hiyo unahitaji kubeba karibu mita za ujazo 1,000. Tipa lenye uwezo wa mita za ujazo 10 litakwenda safari 100. Safari 100 kwa mita 1,000 ni lundo moja kila mita 10. Basi. Mtoto anayehesabu hatua anaweza kukagua mradi huu akienda kuchota maji. Akikuta lundo kila mita 16, ujue zilikuja safari zipatazo 60, na tabaka lenu litakuwa la sentimita 9. Kwa jicho halitofautiani na la 15, likiwa bichi linapendeza vilevile, na kwenye picha ndilo lilelile. Tofauti huonekana masika ya pili, mawe yanapomezwa na tope. Tunaomba hesabu ya safari ibandikwe ubaoni kila jioni. Hatumtuhumu mtu. Tunapenda tu hesabu.

Na si kila chekundu ni kifusi. Changarawe nzuri ina mawe yasiyozidi sentimita 5, kokoto ndogo za kujaza nafasi, na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kushikanisha. Mfinyanzi ukizidi, mvua ikinyesha barabara inakuwa sabuni. Ukipungua, kokoto zinatawanyika na mawimbi yanarudi. Mawe makubwa kama vichwa yanayomwagwa kwa haraka usiku wa kuamkia ziara hayashindiliki. Yanang'oka moja moja na kuacha mashimo ya umbo lao.

Unyevu nao hupimwa kwa mkono. Finyanga tonge la kifusi kiganjani. Likisambaratika ulipofumbua vidole, ni kavu, mwaga maji. Likiacha kiganja kimelowa, limezidi, subiri. Likishikana na kiganja kikabaki safi, kisha likavunjika vipande viwili safi unapoliminya kwa vidole, leta rola. Ndiyo maana tunasema greda lije mvua zinapoelekea kukatika, udongo ukiwa bado na jasho lake. Wakati huo hauna mikutano ya hadhara, tunaelewa. Lakini udongo hausomi ratiba ya tume ya uchaguzi.

Mtaro tungeusemea kwa ufupi kama usingekuwa ndio barabara yenyewe. Gari hupita juu, ila kinachoishikilia barabara ni kile kishimo cha pembeni ambacho hakuna anayekizindua. Kitako chake kiwe bapa, upana wa sentimita 40 hadi 50, kina cha sentimita 30 hivi chini ya ukingo. Mtaro wenye umbo la ncha, ule greda linaouchonga kwa kona ya kisu, unakusanya maji yote kwenye mstari mmoja na kujichimba wenyewe.

Halafu maji yatolewe. Mtaro usiokuwa na mlango wa kutokea ni mto ulioahirishwa. Kila mita 50 hadi 100, na popote ardhi inaposhuka kwenda nje, chimbeni mchepuo unaotoka mtaroni kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, usizidi 45, ukishuka taratibu hadi kwenye majani. Kosa la kawaida ni kuuchimba mchepuo na kusahau kuziba mtaro mbele yake. Maji hayapindi kona kwa hiari. Yakiona njia iliyonyooka yanaendelea nayo. Zibeni kwa udongo ulioshindiliwa na mawe, mara tu baada ya mdomo wa mchepuo.

Palipo na mteremko mkali, wekeni vizuizi vya mawe ndani ya mtaro ili kupunguza kasi. Mteremko ukifika asilimia 10, vikae kila mita 5 au 6. Ukipungua, viachane zaidi. Kizuizi kiwe na kata katikati, chini kuliko mabega yake. Kikiwa sawa juu, au kikiwa na kitumbo katikati, maji yatazunguka pembeni na kula ukingo wa barabara, na mtasema mvua ilikuwa kubwa. Upande wa chini pangwe mawe ya kupokea maji yanapodondoka.

Na jamani, mitaro isiparuliwe ikang'aa. Kila akitangazwa mgeni hutolewa amri ya usafi, watu wanaingia na majembe na kung'oa kila jani mpaka udongo unabaki uchi. Jani lile lilikuwa fundi. Fyekeni, acheni sentimita 5 hadi 10, mizizi ibaki. Udongo uliojaa kitakoni ndio wa kutolewa, nao upelekwe mbali, usirundikwe ukingoni ukawa tuta lile tulilolisema. Kwenye kingo zinazobomoka pandeni vetiva, aina ya nyasi: mizizi yake hushuka wima mita 2 hadi 3, na mmea haujitawanyi ovyo kwenye mashamba. Mche mmoja hugawanywa vikonyo, kila kikonyo sentimita 10 hadi 15 kutoka mwenzake, mstari ukikata mteremko. Upandwe mwanzo wa mvua. Ukipandwa siku ya sherehe, umwagiliwe na walioupanda.

Tukiri na la kwetu. Mwenye shamba anayejaza mtaro kwa udongo ili mkokoteni wake uvuke amefunga barabara ya kijiji kizima. Anayeswaga ng'ombe ndani ya mtaro anauzika kwato kwa kwato. Na anayekataa mchepuo usielekee kwake ana hoja, kwa kuwa maji ya barabara yakimwagwa pamoja hukata shamba vipande. Dawa ni kuyagawa mapema, kidogo kidogo, na kuyapeleka kwenye mashimo ya migomba au bwawa la mifugo. Tigray nchini Ethiopia na Makueni nchini Kenya wakulima wamechimba mifereji inayopokea maji ya barabara na kuyalaza shambani. Maji yaleyale yanayoua barabara yanakuwa mavuno, lakini mazungumzo yafanyike kabla mchoro haujapigwa muhuri. Mhandisi akifika na mwenye shamba akamkuta amekwisha chimba, hapo mtahitaji pia polisi.

Turudi kwenye kalavati, ambalo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu.

Kalavati la kipenyo cha sentimita 60 huchaguliwa kwa sababu ni rahisi, kisha linakuwa ghali maisha yake yote kwa kuwa mtu mzima hawezi kuingia na jembe akafanya kazi. La sentimita 90 linasafishika. Lilazwe likishuka sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Likilala bapa linajaa mchanga msimu wa kwanza. Juu ya bomba la 60 pawe na udongo ulioshindiliwa usiopungua sentimita 45, la sivyo lori la kwanza la magogo litalipasua. Kwenye tundu la kutokea pangwe mawe, maana maji yakidondoka kwenye udongo mtupu huchimba shimo, shimo linarudi nyuma, na ukuta unaanguka wenyewe bila kusukumwa.

Likiziba, huzibuliwa kuanzia chini, kwenye tundu la kutokea. Sababu ni ya kawaida kabisa: ukianza juu, uchafu unausukuma ndani zaidi, na ukifanikiwa kutoboa, maji yaliyokuwa yamesimama yanatoka na kila kitu. Ukianza chini, kila koleo unalotoa linayapa maji nafasi ya kukusaidia. Kwa bomba jembamba, pitisheni kamba kwa mti mrefu, fungeni ndoo iliyokatwa kitako upande mmoja, watu wawili wavute huku na huku. Asiingie mtu bombani maji yakiwa yamejaa nyuma. Mtakachokikuta ndani ni mabua, mchanga, chupa za plastiki, ndala moja, na mara nyingine bango la mgombea wa msimu uliopita, akiwa bado anatabasamu.

Kazi hiyo inataka watu wawili na asubuhi moja. Ikiachwa, maji yanapanda juu ya barabara, yanakata tuta la kalavati, na kinachofuata ni tenda ya dharura. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini dharura hupata fedha upesi kuliko asubuhi moja ya watu wawili. Jibu tunalo, ila barua hii ni ya heshima.

Pendekezo letu ni hili. Mtu mmoja, akae kijijini, apewe kipande cha kilomita 1 hadi 2, alipwe kwa mwezi kwa kazi iliyopimwa na kuonekana. Vifaa vyake ni jembe, sururu, beleshi, fyekeo, reki, toroli na kishindilio. Kishindilio hakinunuliwi: kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege na kuchomekwa mpini hufika karibu kilo 10, uzito unaotosha. Kabla ya mvua azibue mitaro na makalavati. Mvua ikinyesha atembee nayo, kwa sababu dakika 20 za mvua zinaonyesha kasoro ambazo mkutano wa siku nzima hauzioni. Atazame maji yanaposita, achome kijiti hapo. Mvua ikitulia azibe mashimo. Kiangazi afyeke na kurundika kifusi cha akiba pembeni, nje ya mtaro.

Kuziba shimo nako kuna namna. Kumwaga kifusi ndani ya maji na kuondoka ni kuchanganya uji. Toa maji, kata kingo za shimo zisimame wima mpaka ufikie udongo mgumu, ondoa tope lote, lowanisha kidogo, jaza tabaka la sentimita 10, shindilia, jaza jingine, shindilia. Mwisho liachwe limenyanyuka sentimita 3 juu ya barabara, magurudumu yatamalizia. Tofali bovu na maganda ya nazi si kifusi, hata vikirushwa na diwani mwenyewe.

Neno moja kuhusu misafara. Majaribio makubwa ya barabara za lami yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ikiongezewa uzito mara 2, uharibifu hupanda karibu mara 16. Juu ya udongo uliolowa hatuna haja ya kufanya jaribio. Kameruni huweka vizuizi vya mvua: mti unashushwa, malori yanasubiri barabara inywee ndipo yapite. Tunaomba ruhusa ya kushusha mti kama huo, na tunaomba mti huo usimjue mtu. Magari 30 yaliyofuatana kwenye tope kwenda kuahidi barabara yameshaichimba kabla ya ahadi kutolewa.

Tukihitimisha maombi: greda la kampeni lielekezwe kwingine, mafuta yake yalipie watu wenye majembe, likija, lije na boza, rola na amri ya kurudisha udongo katikati, wakati ardhi ina unyevu. Idadi ya safari za tipa iandikwe ubaoni. Kalavati la bondeni lizibuliwe wiki hii, kuanzia chini.

Na siku ya uzinduzi mje na utepe kama kawaida, wa mita 5. Kabla haujakatwa, mtuazime. Tutaunyoosha kuvuka barabara ukigusa mgongo, ukiwa sawa kama maji ya kwenye beseni, kisha mgeni rasmi atainama na rula kwenye ukingo wa kushoto, na wa kulia. Akisoma 12 hadi 15 kwa sauti, pande zote mbili, tutapiga vigelegele na mkasi tutauleta sisi.

Wenu,
Watumiaji wa barabara, pande zote mbili za kalavati